Ngoma ya Mwamgongo na Tarehe ya Chuo

Katubuka, Kigoma
3 Julai 2023

Shangazi Eufrasia,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa ajili ya zile wiki ambazo sikukusalimia. Mimi ni mzima. Chumba changu hapa Katubuka sasa kina umeme wa uhakika, na mwenye nyumba amepunguza maneno. Mama alinipigia juzi kutoka Kasulu, mahindi wamevuna, anakusalimu sana na anauliza mgongo wako.

Nakuandikia karatasi kwa sababu wewe mwenyewe ulinikataza mambo ya maana kwenye simu. Simu yako inaongea kwa spika tu. Mara ya mwisho nilipouliza habari za tumbo lako, aliyenijibu ni mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la dagaa.

Sasa jambo lenyewe. Chuo kimenipa kazi ya kuratibu Wiki ya Sanaa. Kutakuwa na wanafunzi wa kusoma mashairi, maonyesho ya picha za kuchora, igizo moja, na siku ya mwisho mhadhara wa wazi wa mkuu wetu wa idara, Dk. Gasper, kuhusu ngoma za watu wa ziwa. Baada ya mhadhara watu waone ngoma yenyewe, isiwe maneno matupu. Walipouliza nani ataileta, nilinyoosha mkono kabla sijafikiri. Nikasema mimi ni mtoto wa Mwamgongo, ngoma ya kwetu nitaileta.

Kwa hiyo nawaomba mje, kikundi kizima, na mwanao, kaka Dismasi, mbele kwenye ngoma kwa sababu bila yeye hiyo si ngoma ya kwetu. Siku ni Jumamosi tarehe 14 Oktoba, sikukuu ya Nyerere, watu hawaendi kazini. Chuo kitakodi boti na mtalala mahali pazuri.

Mwambie Dismasi nimemsalimu. Mwambie vizuri, Shangazi.

Mwanao,
Erica


Mwamgongo
21 Julai 2023

Erica mwanangu,

Marahaba, zote mbili nimezipokea. Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimepewa na Adolf wa boti, ameikalia siku kadhaa anasema alisahau mfukoni. Angalau hakuifungua. Jibu hili nalo linapanda boti yake, Mungu atusaidie.

Mgongo wangu unauma nikiinama na nikiinuka, katikati hapo hauna shida. Habari kubwa ya nyumbani ni kwamba Agnesi, mke wa Dismasi, amejifungua mapacha, wavulana wote wawili, Bukuru na Butoyi kama desturi. Wanalia kwa zamu. Wamama wa jumuiya wamekuja kuimba mpaka mimi mwenyewe nikachoka, na unajua mimi sichoki kuimba. Dari ya kanisa inavuja upande wa kwaya, na padre anasema ni sadaka zetu ndizo zinavuja.

Hilo la chuo nimelisikia. Nimewaambia wanawake wenzangu, wamefurahi, wawili wameanza kubishana nani atasimama mbele. Nguo tunazo. Ngoma mbili zinahitaji ngozi mpya na zitawambwa.

Ila hiyo tarehe uliyoandika, umeiangalia vizuri? Iangalie tena, mwanangu. Usiiangalie kwenye karatasi tu.

Halafu nishangae kidogo. Kutoka Kibirizi, huko bandarini kwenu, mpaka hapa ni safari ya asubuhi moja, lakini unaniandikia kama mtu aliye Ulaya. Kwani boti imekukataa?

Shangazi yako,
Eufrasia


Katubuka
9 Agosti 2023

Shangazi,

Shikamoo. Mapacha! Nimepiga kelele ofisini mpaka mwenzangu akauliza nani amekufa. Mwambie Agnesi hongera sana, nimempa Adolf vitenge viwili na sabuni za watoto, nimemuapisha asivikalie.

Tarehe nimeiangalia kama ulivyosema. Ni Jumamosi, ni sikukuu, ukumbi uko wazi, hakuna mtihani. Hata ratiba ya boti niliuliza. Sioni tatizo, Shangazi. Matangazo yameshachapishwa, yamebandikwa mpaka soko la Mwanga, na nyie mmeandikwa kwa herufi kubwa. Nakutumia moja uwaonyeshe.

Kuna jambo nililiona kwenye barua yako. Umenipa habari za mgongo, za dari, za padre, lakini kuhusu Dismasi kuja hukusema neno. Nikaona nimtumie ujumbe mwenyewe. Nilimwandikia mrefu, nikamweleza yote, mhadhara, ngoma, heshima atakayopewa. Alijibu "Sawa". Nikampongeza kwa mapacha. Akajibu "Sawa".

Shangazi, mimi si mtoto. Ulitulea wawili katika nyumba moja, tukala sahani moja, tukafaulu darasa la saba mwaka mmoja. Mimi nikaja mjini kusoma, yeye akabaki na boti. Tangu hapo maneno yake kwangu yamekuwa hayo hayo. Ninajua alichonacho moyoni, na sina haki ya kumlaumu. Ndiyo maana boti imenikataa, kama unataka kujua.

Lakini asipokuja yeye, sitakuwa nimeleta ngoma ya kwetu. Nitakuwa nimeleta watu wamevaa nguo za kwetu. Naomba unisaidie.

Erica


Mwamgongo
4 Septemba 2023

Erica,

Kristo. Tumekuwa na upepo wa kusi siku nyingi, boti hazikutoka, ndiyo maana nimechelewa. Vitenge vimefika. Sabuni zimefika moja pungufu, na Adolf ananukia vizuri.

Mapacha wameongezeka uzito. Mgongo usiuulize. Nimekasirika, kwa hiyo salamu zinatosha.

Nilikuandikia angalia tarehe. Wewe umeangalia sikukuu, umeangalia mitihani, umeangalia ukumbi. Juu hukuangalia. Hiyo tarehe kumi na nne ya Oktoba ni katikati ya giza. Ni giza lile lenyewe, mwezi umekufa kabisa. Nani atakuwa nchi kavu siku hiyo? Niambie jina lake nimjue.

Ulilala na kuamka kwenye nyumba ya wavuvi. Dagaa anafuata taa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa zetu zinakuwa upuuzi, basi ndipo wanaume wanakaa nyumbani, wanashona nyavu, wanaoa, wanabatiza, wanapiga ngoma. Mwezi ukifa, kila mwenye mikono yuko ziwani, na sisi wanawake alfajiri tuko mwaloni, pale boti zinapotia nanga, tunasubiri dagaa wa kuanika. Umewahi kuona harusi Mwamgongo wakati wa giza? Hata baba yako Samson tulimwozesha kwenye mbalamwezi, na mama yako alipotoka Kasulu akauliza mbona mnahesabu mwezi kama Waislamu.

Sasa hapa pana mzozo. Wazee wanasema mtoto wetu ameita na mtoto akiita unakwenda. Vijana wanasema wataacha vipi giza zima, watoto watakula nini. Hakuna aliyetaka kukwambia hapana. Mimi sikutaka kukwambia waziwazi, kwa sababu mtoto wa Samson hafundishwi giza. Nilisema ataona mwenyewe. Ukimwambia mtu kwamba amesahau kwao, ni kama umemfukuza, na mimi sikufukuzi.

Lakini umenilazimisha. Basi nimesema.

Eufrasia


Katubuka
13 Septemba 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimepokea barua yako pale Kibirizi, nikaisoma nimesimama, halafu nikakaa kwenye gunia la mtu. Mwenye gunia aliniuliza kama nimefiwa. Nilimwambia hapana, nimesahau mwezi. Akanitazama, akasema, "Wewe si wa huku?"

Nisamehe kwa kuwagombanisha. Sina maneno mengine.

Usiku wote nilipanga jinsi ya kumwambia Dk. Gasper. Huyu ni mtu ambaye wanafunzi wakisikia viatu vyake wanazima simu. Matangazo yamebandikwa mji mzima, wageni wameshaalikwa, na kazi hii nilipewa kwa sababu nilijipiga kifua. Asubuhi nikaingia ofisini kwake, nikasema, "Daktari, tarehe tuliyoweka ni giza, wavuvi hawawezi kuja, kosa ni langu."

Akavua miwani. Halafu, Shangazi, alicheka mpaka akakohoa.

Kumbe ni mtu wa Ukerewe. Baba yake alikuwa na karabai zake kule ziwa Nyanza, na wao ni hivyo hivyo, mwezi ukipevuka wanakaa nyumbani. Ananiambia, "Siku uliponiletea ile tarehe nilijua ni giza. Nikajisemea, huyu ndiye mtoto wa ziwa Tanganyika, labda huko wana dagaa wasiojali mwezi. Niliona aibu kukuuliza." Yaani tangu Juni alikuwa anajua. Wewe ulikuwa unajua. Kijiji kizima kilikuwa kinajua. Wote mmenikalia kimya kwa adabu zenu, na mimi ndiye niliyekuwa nachapisha matangazo.

Tumesogeza mbele mpaka Jumamosi tarehe 28 Oktoba. Nimetoka nje usiku nikahesabu kwa vidole kama ulivyotufundisha, ni mwezi mpevu. Tena Dk. Gasper anasema ni afadhali, maana wanafunzi wa mwaka wa kwanza watakuwa wameshafika. Ngoma itapigwa uwanjani, nje, kwenye mbalamwezi. Nimezunguka mji kubandika tarehe mpya juu ya ile ya zamani, na mikono bado inanata gundi.

Kwa hiyo giza halipo tena katikati yetu. Sasa nakuuliza waziwazi, na wewe nijibu waziwazi. Dismasi atakuja? Na kama haji, ni kwa sababu ya shule?

Erica


Mwamgongo
30 Septemba 2023

Mwanangu Erica,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeisomea kwenye kundi la wanawake, ile sehemu ya mtu wa Ukerewe nikairudia kwa kuombwa. Wanasema huyo daktari ni ndugu, na wanauliza kama ameoa. Wazee wamepumua. Vijana wamefurahi kuliko wote, tangu juzi wanapiga mazoezi mpaka mbuzi hawalali. Leo ni mwezi mpevu, ndiyo maana nina nafasi ya kuandika kirefu.

Umeniuliza waziwazi. Dismasi alinikataza nisiseme. Sitasema. Nitaandika.

Kwanza la shule. Hili limenikosesha usingizi, kwa sababu sikujua kama umelibeba miaka yote hii. Nani alikwambia tulikaa tukachagua kati yenu? Nilikuwa nimeshona sare za wote wawili. Zako ulivaa. Zake alizivaa siku moja, ya pili akazikunja vizuri akaziweka chini ya godoro langu, akaenda kujificha kwenye boti ya mjomba wake. Nilimrudisha kwa fimbo. Akatoroka tena. Nikampeleka kwa padre, padre akazungumza naye nusu siku, mwisho padre ndiye aliyerudi anajua mambo ya nyavu. Wewe tayari ulikuwa mjini bwenini, hukuyaona hayo. Shule aliikimbia mwenyewe kwa miguu yake, na sijawahi kumsikia akiijutia. Anajuta kwamba alinipa kazi ya kukimbia nikiwa na mgongo huu.

Hatukukwambia kwa sababu hatukujua kwamba hujui.

Na hilo "Sawa" lako. Mwanangu, siku ile mkunga alitoka akamwambia, "Una mtoto wa kiume." Akasema sawa. Mkunga akarudi ndani, akatoka tena, akasema, "Kuna na wa pili." Dismasi akasema sawa. Mimi mama yake nikimwambia chakula tayari ananijibu hivyo hivyo. Ulidhani hilo neno ni lako peke yako?

Sasa lililomfanya akatae. Lile tangazo ulilotuma, Adolf alilibandika dukani. Limeandikwa ngoma ya Mwamgongo, halafu chini yake, "Mazungumzo na kiongozi wa kikundi, Dismasi." Tangu siku hiyo hali vizuri. Mtu ambaye kusi likivuma yeye ndiye anayetuliza wenzake ziwani, ananijia jikoni anauliza, "Mama, wataniuliza maswali? Wataniuliza kwa Kiingereza?" Nilimwambia hapana, akasema, "Hata Kiswahili, mbele ya watu wote hao nitasema nini?" Akaniapisha usijue, kwa sababu anaona aibu mbele yako. Anasema Erica anaongea kwenye maikrofoni kila siku, ataniona mimi mjinga.

Yeye anakuogopa wewe, wewe unamwogopa yeye. Na mimi katikati nanunua stempu za Adolf.

Ondoa hayo mazungumzo. Ngoma atapiga.

Shangazi yako anayekupenda,
Eufrasia


Katubuka
6 Oktoba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma, nikalia, nikacheka, nikalia tena. Mwenye nyumba amegonga mlango kuuliza kama nina malaria. Najisikia mwepesi, Shangazi, mwepesi mpaka naogopa. Miaka yote hii kila nilipopokea mshahara, kila nilipofaulu kitu, nilijiona nimevaa nguo ya mtu mwingine. Kumbe mwenyewe aliikunja akaiweka chini ya godoro.

Mazungumzo nimeyafuta. Dk. Gasper ameahidi hatamuuliza mtu swali. Kama kuna la kuelezwa utaeleza wewe, na najua hutakataa.

Sitaandika zaidi. Jumamosi asubuhi napanda boti. Mwambieni Agnesi nataka kubeba mapacha wote wawili kwa pamoja. Dismasi usimwambie chochote, nitakuja kumsalimia tu.

Erica


Mwamgongo
5 Novemba 2023

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Tumefika salama wote, na ngoma zote, na ule mkeka wa chuo ambao mmoja wa wanawake ameufungasha kwa bahati mbaya. Utarudishwa. Mgongo wangu umelalamika siku mbili kwa sababu ya kucheza, nimeuambia, nyamaza, wewe mwenyewe ulicheza. Mapacha wameota meno, au Agnesi anataka wawe wameota. Tangu ulipokuja ile Jumamosi Bukuru akilia tunamwambia Erica yuko njiani, ananyamaza. Huyo mdogo wake hadanganyiki.

Watu wengi namna ile sijawahi kuwaona wakitutazama sisi. Nilidhani watatutazama kama wanavyotazama vitu vya kale. Lakini wale watoto wa mwaka wa kwanza walivua viatu wakaingia kucheza, na yule binti aliyesoma shairi kabla yetu alikuja kuniuliza maneno ya wimbo, akayaandika mkononi kwa kalamu. Mhadhara wa daktari wako nao ulikuwa mzuri, isipokuwa mrefu. Mwambie nimesema hivyo, hatakasirika, mtu wa dagaa hakasiriki.

Ila kuna jambo hukuliona, na nimegundua kwamba hakuna aliyekwambia. Safari hii sitangoja nikidhani unajua.

Tulipomaliza ngoma ya kwanza wewe hukuwepo. Ulikuwa getini unagombana na mlinzi aliyewazuia akina mama wa Mwamgongo waliopanda boti ya pili. Sisi tuko katikati ya uwanja, jasho linatiririka, watu wanapiga makofi. Daktari naye furaha ikampanda, akasahau ahadi yake. Akamfuata Dismasi na kipaza sauti, akasema, "Kaka, tuambie, ngoma hii huwa mnaipiga lini?"

Nilianza kutembea nikakichukue mimi, lakini na mgongo huu sikufika. Dismasi akakishika. Akakitazama kama mtu anayetazama samaki asiyemjua. Nikasema, Mungu wangu, tumekwisha, huyu anatupa hicho kitu anakimbilia Kibirizi.

Hakukimbia. Akasema, "Hii tunapiga kwenye harusi. Leo hakuna harusi. Dada yangu alituita."

Akakirudisha kwa daktari, akachukua vijiti vyake.

Hakusema binamu, Erica. Alisema dada yangu. Pale nilipokuwa nimesimama nililia wazi mbele za watu, wakadhani ni sehemu ya ngoma, wakapiga makofi zaidi.

Tulipokuwa tunarudi kwenye boti nilikaa karibu naye. Nikamwambia, "Yale maneno uliyosema kule, mbona mwenyewe hukumwambia?" Akaangalia injini.

Akasema, "Mama, si nimeshasema."

Shangazi yako,
Eufrasia